Somo la Historia: Pepo wa Mto Rufiji

Mwenye daftari aiweke tayari. Leo tutasoma habari za Kinjikitile Ngwale, mtu wa Ngarambe, kusini ya Mto Rufiji.

Mwaka 1904 Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Wazee walisimulia kwamba alizama mtoni, akakaa humo usiku kucha. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu. Watu wengi wakamwendea. Akawapa dawa ya maji iliyotiwa mafuta ya mbono na mtama, akisema itageuza risasi za Wadachi, yaani Wajerumani, ziwe maji. Wajumbe walioipeleka dawa hiyo mbali waliitwa pia hongo.

Kwa nini watu walimsadiki? Wakati ule serikali iliwalazimisha kulima pamba kwa malipo madogo sana. Kodi ilidaiwa. Aliyekataa alichapwa kiboko. Tena kabila moja peke yake halikuweza kushinda. Imani ya maji iliyaunganisha makabila mengi.

Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro. Lakini vita viliendelea mpaka 1907. Risasi hazikugeuka maji. Wadachi walichoma vyakula na mashamba, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Wamisionari nao walipatwa. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wamisionari wengi waliyaita mambo ya maji uchawi na kazi ya Shetani.

Hapa tufikiri vizuri. Wakristo hufundishwa kwamba pepo wabaya wapo, na kwamba Yesu aliwatoa. Lakini Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Waefeso, anafundisha kuwa adui katika vita hivyo si binadamu. Silaha zake ni imani, ukweli na sala. Basi, kwa mafundisho hayo, Mkristo humpinga pepo kwa sala, wala hamchomei jirani yake ghala. Tena, kumwita Hongo Shetani hakujibu swali la mkulima: nani ataondoa kiboko?

Watu wengi wa Kibiti na wa delta ni Waislamu, nao husema kuna majini wema na wabaya. Wako wanaosema Kinjikitile alidanganya. Wako wanaomwita shujaa. Lakini wote hukubali kwamba dhuluma ilikuwa ya kweli.

Sasa andikeni majibu, kisha mzungumze darasani:

1. Kinjikitile alinyongwa wapi, na mwaka gani?
2. Dawa ya maji ilifanya kazi gani, ingawa haikuzuia risasi?
3. Mtu akisema taabu fulani imeletwa na pepo, tumwulize nini kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.