Malezi ya Mtoto wa Mbwa katika Usukuma wa Mashariki

Historia ya nchi huandikwa mara nyingi kwa vita, kwa watawala na kwa mazao ya biashara. Ni nadra kuandikwa kwa mambo ya uani. Hata hivyo, yapo mambo madogo ya uani ambayo yamebeba uhai wa watu wengi. Mojawapo ni namna mtoto wa mbwa anavyofundishwa mahali pa kulala, mahali pa kwenda haja, na mpaka asioruhusiwa kuuvuka. Katika Bariadi na wilaya jirani, ambazo mwaka 2012 zilitengwa na Shinyanga zikawa Mkoa wa Simiyu, jambo hilo limefungamana na ulinzi wa ng'ombe, na maradhi ya watu, na hata na simba wa Serengeti.

Mbwa si mnyama wa asili ya Afrika. Wataalamu wanakubaliana kwamba wazee wake walikuwa wanyama wa mwitu wa Ulaya na Asia, waliozoeana na wawindaji kabla watu hawajaanza kulima. Huko Bonn, Ujerumani, iligunduliwa mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu yapata miaka 14,000 iliyopita. Kutoka kaskazini mbwa aliingia Afrika, akafuatana na watu hadi kusini ya bara. Lugha nazo zatoa ushahidi: Mswahili husema mbwa, Mganda embwa, na Mshona embe hiyo hiyo ya neno, imbwa. Neno lililoenea katika nchi zilizo mbali namna hiyo haliwezi kuwa la jana. Ladokeza kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu walimjua mbwa tangu zamani za kale.

Lakini kumjua mbwa si kumkaribisha ndani. Pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Bara, katika Usukuma, sharti hilo halikuwapo katika mila, na mbwa alipata cheo chake. Walakini cheo hicho kilikuwa cha nje. Kaya ya Msukuma ilizungushiwa ua wa minyaa, na ndani ya ua yalikuwamo nyumba, ghala na zizi. Nyumba ilikuwa ya watu. Mbwa alipewa ua. Kwa hiyo, mahali ambapo Mzungu alimfundisha mtoto wa mbwa asichafue zulia, Msukuma alimfundisha asivuke kizingiti, asiguse chungu, asifukuze kuku, na asinyamaze fisi akinusa zizi. Makusudi yalikuwa mbalimbali. Msingi wa mafundisho ulikuwa mmoja.

Msingi huo ni tabia ya mnyama mwenyewe. Kwa muda wa majuma mawili au matatu ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi hata kwenda haja bila ya kulambwa na mama yake, naye mama huyasafisha malazi. Akisha kupata nguvu ya miguu, huanza kutoka malaloni ajisaidie kando, kwa kuwa hapendi kuchafua mahali alalapo. Mwenye kumlea hana budi kuifuata tabia hiyo tu: amtoe nje aamkapo, na kila amalizapo kula, ampeleke mahali pale pale, amsifu afanyapo vema. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliotoa kitabu chao mwaka 1965 baada ya uchunguzi wa miaka mingi, walionyesha kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili ndipo mbwa anapojifunza ni nani wa kumwamini. Mtoto wa mbwa asiyeguswa na binadamu katika majuma hayo huwa mwoga au mkali maisha yake yote. Wahenga walikwisha kulisema hilo juu ya wanadamu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kipigo, basi, hakifundishi usafi. Mbwa anayepigwa kwa haja aliyoifanya saa nyingi zilizopita haelewi kosa lake. Ajifunzalo ni kuukimbia mkono wa binadamu. Msomaji na alikumbuke neno hili, kwa maana historia ya baadaye ililipa uzito ambao hakuna aliyeutazamia.

Nchi ilibadilika. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji katika Shinyanga iliwatoa watu katika kaya zilizotawanyika na kuwakusanya pamoja. Ua wa mtu mmoja ukapakana na ua wa mwenzake, na mbwa waliokuwa wakikaa mbalimbali wakawa majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi hata wanavijiji wakaunda sungusungu, na katika ulinzi huo wa usiku sauti ya mbwa ilikuwa na thamani yake. Wakati huo huo watu na mifugo walizidi kuongezeka, na vijiji vya mashariki vikawa karibu zaidi na mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951.

Mwaka 1994 mpaka huo ulionekana jinsi ulivyo mwembamba. Ugonjwa wa distempa, unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti. Inakadiriwa kwamba simba wapatao 1,000, yaani theluthi moja, walikufa au kutoweka. Mbwa wa vijijini ndio waliotuhumiwa kwanza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 uliipunguza tuhuma hiyo, kwa maana ulionyesha kuwa virusi hivyo viliendelea kuzunguka kwa simba hata baada ya mbwa wengi kuchanjwa. Pamoja na hayo, msiba ule uliwageuza wataalamu watazame uani mwa watu.

Huko uani kulikuwako adui mkubwa zaidi kwa binadamu, nacho ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu haponi kamwe. Na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Chanjo ya binadamu, iliyotumiwa kwanza na Louis Pasteur mwaka 1885, huokoa ikitolewa mapema baada ya kidonda kuoshwa vema kwa sabuni na maji. Lakini ni ya gharama, na safari ya kuifuata ni ndefu kwa mkulima wa pamba. Njia iliyo nafuu ni kumchanja mbwa mwenyewe. Kazi hiyo ilianza katika wilaya ya Serengeti mwaka 1996, nacho kichaa kikapungua sana. Na tangu mwaka 2003 ikaenea katika wilaya nyingine zinazozunguka hifadhi. Shabaha ilikuwa kuwafikia mbwa 70 katika kila 100.

Hapo ndipo malezi ya uani yalipopimwa. Mbwa wa vijiji hivi huzurura, lakini karibu wote wana wenyewe. Siku ya chanjo tangazo hupigwa, na wenye mbwa huja nao mahali pamoja, wengine kwa kamba na wengine mikononi. Na mara nyingi wanaowaleta ni watoto, kwa kuwa wao ndio wanaowalisha na kuchunga pamoja nao. Daktari huweza kumchoma sindano mbwa anayeshikika. Yule aliyelelewa kwa fimbo hukimbilia vichakani, naye hubaki bila kinga. Wengine waliwaacha nyumbani wale wadogo kwa kudhani kwamba umri wao hautoshi. Ila Shirika la Afya Duniani lashauri wachanjwe hata walio chini ya miezi mitatu. Na kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi sana, kila mwaka huzaliwa wengi wasio na kinga, na kazi hurudiwa.

Yaonekana, basi, kwamba bomba la sindano halikuweza kwenda mbali kuliko mkono uliomlea mbwa. Dawa ilitoka maabara, magari yalitoka mjini, lakini sharti la mwisho lilitimizwa miezi mingi kabla, penye minyaa, na mtoto aliyemtoa mbwa wake nje asubuhi, akamwonyesha mahali pake, akampa makombo ya ugali, asimpige. Mtoto huyo hakujua kwamba anaijengea wilaya yake ngome. Alikuwa akimfundisha mbwa adabu ya nyumbani, na mbwa akajifunza kwamba mkono wa binadamu si wa kuogopwa.