Marikiti ya Darajani na Historia ya Biashara ya Mji wa Unguja

Marikiti ya Darajani, iliyojengwa mwaka 1904 katika utawala wa Sayyid Ali bin Hamud, wakati Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, ni miongoni mwa majengo ya kale ya Mji Mkongwe ambayo hayajaacha kazi yaliyojengewa. Usanifu wake, unaotambulika kwa ukumbi mrefu na matao yanayopitisha hewa huku yakikinga jua, hunasibishwa na Bomanji, msanifu mwenye asili ya Bara Hindi, na katika maandishi ya kiserikali jengo hilo liliitwa Soko la Estella.

Mahali liliposimama panaeleza mengi kuhusu dhima yake. Upande wa mashariki, Mji Mkongwe ulitengwa na mtaa wa Ng'ambo kwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambalo lilivukwa kwa daraja na baadaye likafukiwa kwa awamu katika karne ya 20. Katika kivuko hicho mazao ya shamba, kama vile muhogo, ndizi na nazi, yalikutana na samaki waliotoka pwani, na wakazi wa nyumba za mawe walinunua bidhaa pamoja na watu wa Ng'ambo, ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi, mafundi na waliokuwa watumwa kabla ya amri ya mwaka 1897 kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa.

Karibu na hapo, Mkunazini, lilikuwepo soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba ambao Sayyid Barghash, mtawala wa Zanzibar wakati huo, aliutia saini Juni 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pake. Ujirani huo unaonyesha jinsi mji uliotajirika kwa kuuza binadamu ulivyolazimika kujenga upya misingi ya uchumi wake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 kwa kuwa ni mji wa biashara wa Waswahili. Kwa sababu hiyo, kuyahifadhi matao ya Darajani huku wauza samaki, nyama na viungo wakiondolewa kutakuwa ni kuhifadhi kuta na kuupoteza urithi wenyewe, kwani thamani ya marikiti hii imo katika riziki inayotafutwa ndani yake.