Njia ya Zambia na Mzigo wa Mchukuzi

Zamani za misafara, shehena za bara zilifika pwani mabegani mwa watu, aghalabu Wanyamwezi, kila pagazi na mzigo wake wa kadiri ya frasila mbili, wote wakimfuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Kwani mbung'o waliokaa maporini hawakumwacha hai mnyama ambaye angaliweza kumsaidia mwanadamu kazi hiyo. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyomtua pagazi mzigo wake. Lakini reli hiyo haikuelekea kusini-magharibi, na Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 mafuta yake na sehemu kubwa ya biashara yake vilikuwa vikipita Rhodesia.

Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na kabla ya mwaka ule kwisha Zambia ikakatiwa mafuta. Ndipo malori yalipoanza kutoka Dar es Salaam na mapipa ya petroli na kurudi na shaba, katika njia ya udongo ambayo wakati wa masika iligeuka tope na utelezi, magari yakanasa, mengine yakapinduka miteremkoni, na madereva wakapoteza roho zao, hata ikaitwa Njia ya Jahanamu.

Dhiki hiyo ndiyo iliyozaa ala mpya. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola nchini Zambia, na mapipa yakapungua njiani. Barabara ikatiwa lami. Kisha reli ya TAZARA ya kwenda Zambia, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kwa jasho la mafundi wa nchi tatu, ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo lori halikutoweka, kwa kuwa lori hufika mlangoni pa mwenye mali, mahali ambapo reli haifiki.

Leo forodha hulifunga kontena kwa lakiri ya kielektroniki, ambayo hutoa habari likifunguliwa au likiiacha njia yake, na tajiri aliyeketi Kariakoo huweza kuliona lori lake likipanda mlima wa Kitonga au likingoja foleni mpakani Tunduma. Faida yake ni dhahiri, kwani wizi na ukwepaji wa ushuru hupata kizuizi. Lakini reli ilimpunguzia mchukuzi uzito, na bomba likampunguzia hatari. Lakiri, kwa namna inavyotumiwa na wengi, humlinda mwenye mali na serikali, na dereva humwongezea jicho la kumchunga.

Basi, enyi wenye malori, habari zile zile zinazowaambia gari liko wapi zinaweza pia kuwaambia dereva amekaa kwenye usukani saa ngapi pasipo kulala. Zisomeni kwa nia hiyo, mkampigie simu, mkamwambie aegeshe gari apumzike. Hapo ndipo ala hii mpya nayo itakapokuwa imemtua mchukuzi mzigo wake.