Kikao Kilichosimamishwa: Historia Fupi ya Mazungumzo ya Mbali kati ya Mtu na Ruta

Katika Kiswahili, kusimamisha kikao si sawa na kukifunga. Mwenyekiti akisimamisha kikao, wajumbe hutoka nje, lakini viti vyao havipewi wengine na shauri hubaki mezani. Akikifunga, ukumbi huachwa mtupu. Tofauti hiyo ya vitenzi viwili yasaidia kueleza jambo moja katika historia ya mitandao ya kompyuta: hali ya mazungumzo kati ya mtu na mashine iliyo mbali, pindi mtu huyo anapoyaacha yakingoja.

Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mali ya thamani kubwa. Watu wengi walitumia mashine moja, kila mmoja kupitia terminali yake, lakini terminali iliyofungamana na mashine hii haikuweza kusema na ile. Mtandao wa ARPANET ulikuja kuvunja ukuta huo. Mnamo Septemba 1969, Stephen Carr wa Chuo Kikuu cha Utah aliandika hati ya 15 katika mfululizo wa hati za watafiti wa mtandao huo, na humo jina la Telnet likatajwa. Usiku wa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, Charley Kline, mwanafunzi wa UCLA, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Stanford Research Institute. Herufi mbili tu, L na O, zilifika kabla ya mfumo kuanguka. Saa moja hivi baadaye jaribio likafaulu. Mei 1983, Jon Postel na Joyce Reynolds walitoa kanuni kamili za Telnet katika hati ya 854. Miongoni mwa ishara zake imo moja ya kumwuliza mwenzi wa mbali kama angali yupo.

Ruta, mashine zipangazo njia za habari kutoka mtandao hadi mtandao, zilirithi desturi hiyo. Katika ruta za kampuni ya Cisco, iliyoanzishwa mwaka 1984, mhandisi aliyeingia katika ruta ya kwanza aweza kupita humo hadi ya pili na ya tatu. Akitaka kurudi kwa muda alikotoka, hubonyeza pamoja Ctrl, Shift na 6, huviachia, kisha hubonyeza x. Kikao cha mbali hakifi, husimama tu. Amri «show sessions» huorodhesha vikao vyote kwa namba, na kinyota huonyesha kilichotumiwa mwisho. Amri «resume» pamoja na namba hukirudisha kikao kinachotakiwa. Amri «disconnect» hukifunga.

Urahisi huo una gharama yake. Kwa desturi, ruta nyingi za kampuni hiyo zilikuwa na milango mitano ya kuingilia kwa mbali, iliyohesabiwa tangu 0 hadi 4. Kikao kilichosimamishwa bado hushika mlango mmoja upande wa pili. Milango yote ikishikwa na waliosahau, mtu wa sita hukataliwa, hata akiwa ndiye ajaye kuokoa mtandao ulioharibika. Tena, yeyote aketiye mbele ya kibodi iliyoachwa aweza kukiendeleza kikao bila kuulizwa neno la siri. Ndiyo maana ruta huwekewa muda wa kungoja, ambao kwa kawaida ni dakika 10, kisha hukata. Msimamizi aliyechoshwa na kukatwa aweza kuandika sifuri, na kikao kikabaki wazi bila kikomo.

Telnet ilikuwa na udhaifu mwingine: maneno ya siri yalipita waziwazi njiani. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake huko Finland, Tatu Ylönen alitunga itifaki ya SSH, ambayo huyaficha mazungumzo yote kwa maandishi ya fumbo. Tangu hapo SSH imechukua nafasi ya Telnet katika kazi nyingi za usimamizi.

Hata hivyo, fumbo hulinda njia, halifungi mlango ulioachwa wazi. Wahandisi walibadili itifaki, lakini wajibu wa mtu aliyeanzisha mazungumzo haukubadilika: kuvihesabu vikao vyake, kuviendeleza vyenye kazi, na kuvifunga vilivyokwisha. Asimamishaye bila kurudi hajaondoka. Ameziba tu nafasi ya mwingine.