Kishikizo cha Mfupa

Historia hupenda vitu vikubwa. Hutuonyesha piramidi, ngome na makaburi ya wafalme, hata tukadhani waliotutangulia walishinda kutwa wakibeba mawe. Lakini mwanadamu, kabla hajajenga chochote, sharti ajisitiri mwili. Kwa sababu hiyo, kila nisomapo habari za kijiji cha Skara Brae, fikira zangu huziacha nyumba zake za mawe na kuviendea vishikizo vya nguo vilivyofukuliwa humo.

Kijiji hicho kimo katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Mwaka 1850 dhoruba kali ilibomoa tuta la mchanga kando ya bahari, na kuta za kale zikajitokeza. Mwenye ardhi ile, William Watt, akaanza kuchimba. Kati ya mwaka 1928 na 1930, mwanaakiolojia Gordon Childe alifukua sehemu kubwa zaidi. Yeye aliamini kwamba kijiji kilikuwa cha karne chache tu kabla ya Kristo. Vipimo vya kaboni vilivyofuatia uchimbaji wa miaka ya 1970 vilionyesha vingine: watu waliishi hapo tangu yapata mwaka 3180 hadi 2500 K.K. Walipowasha moto wao wa kwanza, Piramidi Kuu ya Giza ilikuwa bado haijajengwa.

Walifuga ng'ombe na kondoo, wakavua samaki. Nguo zao zimeoza zote. Mifupa imesalia, kwa kuwa mchanga wa pale umejaa chembe za makombe ya baharini, na chokaa yake huuhifadhi mfupa. Yamkini walivaa ngozi. Sasa, kanga hushikwa na fundo likatosha, lakini ngozi nzito haikubali fundo kirahisi. Yahitaji kitu cha kuipenya na kuibana kifuani au begani. Ndipo fundi akachukua mfupa, akauchonga ncha, akausugua juu ya jiwe hata ukalainika. Baadhi ya pini hizo zina nundu ubavuni, na nundu nyingine zimetobolewa tundu, huenda la kupitishia kamba ili pini isichomoke ikapotea.

Adimu kuliko zote ni zile za pembe, yaani meno ya nyangumi na ya walarasi, mnyama wa bahari ya baridi mwenye meno mawili marefu mfano wa ndovu. Ziko zilizofikia urefu wa sentimita 25. Je, nguo gani inahitaji pini ndefu kama kiganja na zaidi? Hapo naona haja imegeuka kuwa fahari. Aliyeivaa alitaka aonekane kwa mbali, na waliomwona walijua maana yake.

Pini zinazofanana sana na hizo zimepatikana ng'ambo ya bahari, katika makaburi makubwa ya bonde la Boyne huko Ireland. Humo zilikutwa pamoja na mifupa ya wafu waliochomwa moto, na pini nyingi katika makaburi ya namna hiyo nazo zimeungua. Wataalamu huona kwamba yaelekea zilifunga vazi la maiti, au mfuko wa majivu yake.

Nikifika hapo, yale mawe makubwa hunipungukia uzito. Kujenga kaburi lile kulihitaji mamia ya mikono. Kufunga kishikizo kulihitaji mikono miwili tu. Mtu mmoja, ambaye jina lake hatutalijua kamwe, aliinama juu ya mpendwa wake asiyesikia tena baridi, akamfunika vizuri, akapenyeza pini mahali pake. Ngozi imekwisha, mkono umekwisha, lugha waliyolilia imekwisha. Tendo lile la huruma limebaki ndani ya kipande cha mfupa kilichoungua, nasi tunalitambua bila mkalimani.