Biashara ya dunia haifiki jikoni

Nikiwa darasa la tano pale Nambambo, Nachingwea, msimu wa korosho ukianza madarasa yalikuwa yanapwaya. Tuliokota za nyumbani, jioni tukarudi kwenye madaftari. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, aliyekuja kuchukuliwa na "shangazi" kwenda Dar kuwa hausigeli. La saba hakumaliza.

Jamani, wakubwa wa dunia wamewahi kujaribu kulimaliza tatizo hili kwa kutumia biashara. Mwaka 1992 Seneta Tom Harkin wa Marekani alipeleka muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukupita, lakini wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliogopa, wakafukuza watoto kwa maelfu. Wengi hawakwenda shule. UNICEF ilieleza baadaye kwamba wapo walioishia kuponda kokoto na kuuza miili. Ndipo mwaka 1995 wenye viwanda, ILO na UNICEF wakasaini makubaliano: mtoto anayetolewa kiwandani apewe shule na posho.

Mwaka 1999 ILO ikapitisha Mkataba namba 182 dhidi ya ajira mbaya kabisa za watoto. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, ikaweka sharti: anayetaka kuuza kwao bila ushuru atekeleze ahadi zake kwa watoto. Mwaka 2001 Tanzania iliridhia mkataba huo. Chini ya Rais Mkapa, mzaliwa wa Masasi, majirani zetu, ikawa pamoja na Nepal na El Salvador nchi za kwanza kuanza mpango wa ILO wenye muda maalumu. Mashamba, migodi, ukahaba na kazi za ndani vyote vikatajwa.

Sasa angalia. Tumbaku na dhahabu hupita bandarini, mnunuzi anaweza kuuliza nani kazichuma au kazichimba. Hausigeli hauzwi nje, hivyo hakuna ushuru unaomgusa. Kilichowavuta watoto wengi, kwa mtazamo wangu, ni kufutwa kwa ada ya msingi: wanafunzi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, kufikia 2005 walizidi milioni 7.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kazi ni kuanzia miaka 14. Ndugu yangu wa Sinza na Mikocheni, huyo anayekuoshea vyombo ana miaka mingapi? Umewahi kumuuliza?