Majira ya nukta

Mwanafunzi wa darasa la saba akisikia “majira”, hufikiria masika na kiangazi. Kisha anafungua kitabu cha Hisabati na kukuta majira ya nukta, na hapo anachanganyikiwa. Mvua imeingiaje kwenye grafu?

Haikuingia. Asili ya neno ni Kiarabu, majra, yaani njia ya kitu kinachokwenda au kutiririka, na watu wa pwani walilitumia kwa mwelekeo wa chombo baharini. Nahodha aliyepoteza majira alikuwa amepotea njia, hata kama tarehe aliijua vizuri. Kwa maoni yangu aliyelichagua neno hili kwa ajili ya nukta alichagua vyema kuliko wengi wanaotohoa tu.

Tujaribu safari fupi. Chombo kipo (2, 3), kinakwenda (6, 11). Namba ya kwanza ni ya mlalo (x), ya pili ni ya wima (y). Ukizigeuza umetia nanga kwingine. Kwa wima tumepanda 11 − 3 = 8. Kwa mlalo tumesogea 6 − 2 = 4. Mteremko ni 8 ÷ 4 = 2. (Ndiyo, tunapanda na bado tunaita mteremko, hilo nitalisemea siku nyingine.) Basi mstari wa njia yetu ni y = 2x + c, na c ni namba ambayo bado hatuijui. Weka nukta ya kwanza: 3 = 4 + c, hivyo c = −1. Mlinganyo ni y = 2x − 1. Jaribu kwa 6: 12 − 1, ni 11. Tumefika.